Bodi Isiyovuja

Baba mkwe wangu aliponipa gari lake alinipa na maadui wawili kwa pamoja: maji ya chumvi na yeye mwenyewe. Maji ya chumvi nilikwisha kuyajua. Kila mwenye gari Unguja anayajua. Yanakuja na upepo, yanakaa juu ya mabati, na ukipitisha kidole chini ya mlango kinatoka chekundu. Yeye ndiye niliyedhani namjua.

Lilikuwa gari la dizeli la zamani, linalovuta kwa magurudumu yote manne, rangi yake ya maziwa imekwisha kuwa rangi ya mchanga. Injini yake haina kompyuta wala adabu. Ukiiwasha inakohoa, inatema moshi mweusi kwenye nguo za jirani zilizoanikwa, kisha inatulia na kunguruma siku nzima bila kudai kitu isipokuwa mafuta na chujio safi. Mzee alilitumia miaka mingi kubebea mbao. Yeye ni fundi wa vyombo vya baharini kule Uroa, na vyombo vingi vya pwani ile vimepita mikononi mwake. Mtoto wa jicho alipomziba macho hata akawa anaona vivuli tu, alikaa barazani kwake siku ya Ijumaa baada ya sala, wanaume wenzake wamemzunguka, akanitupia ufunguo mapajani.

"Gari hii nimempa mkwe wangu," alisema. "Amchukulie mke wake mwani."

Mke wangu ni binti yake. Hununua mwani kwa kina mama wa Uroa na Kiwengwa, ukiwa bado mbichi, kwa sababu anataka kuuanika mwenyewe juu ya chanja usiingie mchanga. Huuleta kwetu Kiembe Samaki, na ukikauka huwauzia watengenezaji wa sabuni. Bila gari biashara hiyo haipo. Mimi kazi yangu ni kutafuta habari za redio, na ofisi yetu iko Mji Mkongwe, kwenye uchochoro ambao gari lile lisingeingiza hata pua. Kwa hiyo gari lilikuwa langu kwa jina, la mke wangu kwa kazi, na la baba yake kwa mambo mengine yote.

Lazima nieleze bodi ya nyuma, maana ugomvi wote ulikuwa humo. Ile ya chuma iliyokuja na gari ilikwisha kuliwa na kutu zamani. Mzee hakutafuta nyingine. Aliunda yake ya mbao za mfenesi, na aliiunda kwa njia pekee aliyoijua, yaani kama chombo cha baharini. Iliwekewa mataruma, zile mbavu za ndani, zilizochongwa kwa matawi yaliyopinda yenyewe. Mbao zilipigiliwa juu ya mbavu hizo moja baada ya nyingine, na kila ufa ulijazwa pamba iliyochovywa katika sifa, mafuta ya ini la papa, ukagongwa mpaka usipitishe hata unywele. Ilikuwa kazi nzuri. Sijawahi kusema vingine. Wageni wa mahoteli ya Kiwengwa walikuwa wakisimama barabarani kuipiga picha, wakiziba pua.

Masika ya kwanza yalinionyesha kilichokosekana. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na nilipotoka kwenda kazini nilikuta bata wa jirani wanaogelea nyuma ya gari langu. Hawakuwa wamesimama kwenye dimbwi. Walikuwa wanaogelea, mmoja anapiga mbizi.

"Jirani," aliniita mwenye bata kutoka dirishani kwake, "unawatoza nauli?"

Mzee alikuwa ameunda kitu kisichovuja. Maji ya bahari yasingeingia kamwe. Lakini gari haliendi baharini. Maji yake yanatoka juu, kwa mvua, na yanatoka ndani, kwa magunia ya mwani yanayodondoka njia nzima. Yote hayo yalibaki ndani ya ile bodi. Palikuwa na sehemu nne tu ambapo yaliweza kupita, nazo ni pale bolti zilipotoboa mbao ili kuishika bodi kwenye chasisi. Chuma cha bolti kiliposhika kutu kikaacha nafasi ndogo, na maji ya chumvi yakawa yanashuka humo, tone kwa tone, moja kwa moja ndani ya chasisi, ambayo ni boriti ya chuma yenye uwazi kama bomba. Yakiingia humo hayatoki.

Nililipeleka kwa fundi wangu, ambaye ana gereji yake hapo hapo Kiembe Samaki, ukuta mmoja wa matofali na mabati ya kuazima. Ni mtu wa mjini, wazee wake walitoka bara, na hana subira na mtu yeyote. Aliingia chini ya gari na bisibisi. Nikasikia inagonga chuma, inagonga chuma, kisha sikusikia kitu.

"Imeingia," alisema kutoka chini. "Kama papai. Kaka, hii gari au birika?"

"Inatengenezeka?"

Alitoka akajifuta uso kwa kiwiko. "Ntachomelea leo. Nikichomelea leo, na wewe uikaushe. Ukija tena na maji humu, hakutakuwa na chuma cha kushika moto. Utanunua gari nyingine, hii uwaachie bata."

Hilo ndilo lililokuwa mezani. Ama maji yatoke kwenye bodi, ama gari life na biashara ya mke wangu ife nalo. Dawa yake ilikuwa matundu machache kwenye sakafu ya mbao. Nikaona ni jambo dogo.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda Uroa kumwambia. Alikuwa barazani na wenzake wale wale.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Gari haijambo?" Binti yake alikuwa nyuma yangu, naye mzee bado hajamuulizia.

"Inataka matundu, baba."

"Inataka nini?"

"Matundu. Kwenye sakafu ya bodi, maji yapate pa kutokea."

Aligeuza uso kuwatazama wenzake, ingawa hakuwaona. "Mmesikia? Nnaunda vyombo tangu sijaota ndevu. Hajanijia mtu hata siku moja akanambia, fundi, nitobolee chombo changu."

Walicheka. Mimi nilisubiri wamalize.

"Hiki si chombo, baba. Ni gari."

"Ndo maana ikakushinda."

Kazi yangu imenifundisha kwamba mtu akikufungia mlango wa mbele umwulize kuhusu ule wa nyuma. Nikamkumbusha nguruzi. Kila mashua ina tundu chini, linazibwa kwa kigingi kinachoitwa nguruzi, na chombo kikipandishwa pwani kigingi huchomolewa maji yatoke. Kwa hiyo hata yeye, nikasema, huwa anatoboa.

Nilidhani nimeshinda.

"Nguruzi," alisema pole pole, "huichomoa mwenye chombo."

"Na mwenye chombo ni nani, baba?"

Mmoja wa wale wazee alikohoa, mwengine akaanza kuzungumzia bei ya pweza. Ndani, nyuma ya pazia, nilimsikia mke wangu akiweka kikombe juu ya sinia kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Nilitoboa Jumapili, nyumbani. Niliazima drili ya fundi na keekee, ule msumari wake wa kutobolea, nene kama kidole gumba. Mke wangu alisimama mlangoni akiwa na ungo mkononi.

"Ungemuuliza," alisema.

"Nilimuuliza."

"Ungemuuliza mpaka akakubali."

Nilitoboa matundu sita. Sifa ilipopata moto ilitoa harufu iliyomfanya jirani afunge dirisha. Nikamwaga ndoo ya maji, yakazunguka, yakapata njia, yakatoka chini yote. Kisha nikamalizia kazi yangu kwa utaratibu. Nilibadilisha zile bolti nne na kuziba pande zake kwa raba. Nilipiga brashi chasisi, nikaipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na ndani yake nikamimina oili chafu kama wanavyofanya wenye magari wote wa kisiwani. Niliweka springi zilizo imara zaidi na boshi mpya. Fundi alikuja kuangalia, akapiga teke gurudumu, akasema, "Sasa imekuwa gari." Sijui kama nimewahi kusifiwa kazini kwangu nikafurahi vile.

Tulipokwenda tena Uroa, tuliandaliwa wali na mchuzi wa pweza. Ukwe una adabu zake. Mkwe akifika hutulia ndani, hula anachopewa, wala haondoki kwenye sinia kabla ya wakati. Nilikuwa katikati ya sinia niliposikia nyundo ya mbao. Nilijua papo hapo inagonga nini. Nilikula tonge jingine, na jingine, kwa sababu mama mkwe alikuwa akinitazama kutoka mlango wa jikoni, na nyundo iliendelea kugonga bila haraka.

Nilipotoka, mzee alikuwa amepiga magoti ndani ya bodi. Alikuwa akiipapasa sakafu kwa viganja, na kando yake palikuwa na vigingi alivyovichonga tayari, kila kimoja kimezungushiwa pamba. Hakuhitaji macho. Alikwisha kuyapata yote sita.

"Baba, hayo matundu nimeyatoboa mimi."

"Nnajua. Fundi asingetoboa ovyo namna hii. Hili hapa limekwaruza taruma." Akagonga kigingi cha mwisho. "Unapasua ubavu wa chombo, halafu unakwenda kula wali."

"Maji yanaozesha chasisi."

"Chasisi ni chuma. Chuma huoza. Mbao hizi zitakuwepo wewe umeshazikwa."

Nyumbani nilijaribu kuving'oa vigingi kwa koleo. Vilikuwa vimekunywa maji na kuvimba, koleo likawa linameng'enya vichwa tu. Nikatoboa upya pale pale. Ijumaa iliyofuata akaziba upya pale pale. Tuliendelea hivyo muda mrefu, yeye kwa nyundo na mimi kwa drili, na tukikutana tunaulizana habari za afya. Sikuweza kumnyima gari, maana kufika kwa wakwe ukafunga mlango wa gari kwa ufunguo ni sawa na kuwaita wezi. Sikuweza kuacha kwenda, maana mwani ulikuwa huko. Kina mama wa pwani wakanipa jina. Nikishuka tu ufukweni mmoja husema kwa sauti ya kila mtu, "Bwana Keekee kaja, ficheni mitumbwi yenu," na wengine huitikia kwa vicheko huku wamejitwika magunia.

Siku ya mwisho ya vita hivyo tulikwenda Jumamosi badala ya Ijumaa, kwa sababu bahari ilikupwa vizuri asubuhi hiyo na kina mama walivuna kwa wingi. Nilikagua matundu kabla ya kuondoka nyumbani. Yalikuwa wazi. Uroa nilikunywa chai moja, ya haraka, nikimsikia mzee akizungumza uani. Sikusikia nyundo. Nilikuja kujua baadaye kwamba safari hii alivisukuma vigingi kwa kiganja tu, na maji ya mwani yakamfanyia kazi iliyobaki.

Tulipakia mpaka juu. Tulipopita Chwaka mvua ilianza, ile inayofuta barabara yote mbele ya kioo. Gari likawa zito. Nilidhani ni upepo. Tulipokaribia Dunga nilipunguza gia kwa ajili ya kona, na nyuma yangu kitu kikalia, sauti fupi na kavu kama mfupa wa ng'ombe ukipigwa shoka. Bodi ikainama upande wa kushoto. Maji yaliyokuwa yamejaa humo yakakimbilia upande huo huo, na magunia yakafuata, mengine yakapasuka njiani.

Nilishuka. Chasisi ilikuwa imekatika nyuma ya kiti cha dereva, karibu na palipochomelewa, na springi mpya imening'inia. Niliingiza mkono chini ya bodi nikagusa kichwa cha kigingi.

"Ameziba," nilimwambia mke wangu. "Baba yako ameziba tena."

Alikuwa amesimama kwenye mvua, buibui limemganda mwilini, akitazama mwani wake ukielea kwenye mtaro. Alikuwa amemwahidi mteja ambaye hangesubiri.

"Wewe unatoboa, yeye anaziba," alisema. "Mwani wa nani huo?"

Alivua viatu akaanza kuokota.

Fundi alipoliona gari limeletwa kwa kamba hakucheka. Alisema alikwisha kuniambia, akalisema tena kwa maneno mengine, kisha akasema kuna gari moja lililokufa huko Mwanakwerekwe lenye nusu nzuri ya chasisi. Angelikata, angeliunganisha na hili, na angenitengenezea kitanda cha mabomba chenye sakafu ya chuma ya matundu matundu, kama kichungio. Lakini ile bodi ya mbao haitarudi. Akipewa ruhusa ataipasua kuni.

Kabla sijajibu nilikwisha kupata mnunuzi. Msimamizi wa hoteli moja ya Kiwengwa alitaka kuipandia maua. Nilimwambia mke wangu hayo yote kwa mpangilio, kama ninavyosoma habari.

"Usiipasue, usiiuze," alisema. "Irudishe ilikotoka."

Niliirudisha kwa lori la kukodi, mimi mwenyewe nikiwa mbele na dereva. Wanaume wanne waliishusha mbele ya baraza. Mzee aliteremka ngazi kwa kupapasa, akaizunguka bodi yote akiishika, ubavu kwa ubavu, kisha akapapasa kwa kidole tundu moja baada ya jingine.

"Umekuja kunirudishia zawadi," alisema.

"Nimerudisha mbao, baba. Gari ninalo bado."

"Mbao ndizo nilizokupa. Chuma kile kila mtu anacho."

Ningeweza kunyamaza. Watu walikuwa wakisikiliza, na yeye ni baba wa mke wangu. Lakini nilikuwa nimekaa njia nzima kwenye lori nikiisikia sauti ya chasisi ikikatika.

"Ungelisema hilo siku ile ulipotupa ufunguo," nilimwambia, "ningekuachia vyote viwili."

Wale wazee waliangalia chini. Yeye alifuta kiganja kwenye shuka yake, akapanda ngazi, akakaa mahali pake. Hakuniaga. Nami sikuaga.

Gari lilitoka gereji likiwa zuri. Lina nguvu ile ile, linakohoa vile vile, na kitanda chake cha chuma hakiweki hata tone. Tukitoka pwani linaacha mstari wa maji mpaka Chwaka. Mara ya kwanza kwenda nalo Uroa sikulipeleka nyumbani kwake. Nililiteremsha moja kwa moja ufukweni. Maji yalikuwa yamejaa. Mzee alikuwa humo, maji ya magotini, na mbele yake bodi yake ilikuwa inaelea.

Ilielea sawa sawa, bila kuinama upande wowote. Aliisikia injini, akajua ni nani, akaisukuma bodi kuelekea kwangu kwa kiganja kimoja.

"Tia mkono ndani," alisema.

Nilivua viatu nikaingia majini. Vigingi sita, na vingine vinne palipokuwa na bolti, vilikuwa vimekatwa vikalingana na sakafu. Ungepaswa kuvitafuta ili uvione. Nilitia mkono.

"Kavu?"

"Kavu."

"Basi usiende tena huko mjini kwenu ukasema kazi yangu ina kosa."

"Kosa halikuwa la bodi, baba. Kosa lilikuwa kuitia kwenye gari."

"Kosa lilikuwa kumpa mkwe," alisema, na akaigeuza bodi ikaangalia upande mwengine. Kamba yake alimpa binti yake, aliyekuwa ameshuka nyuma yangu.

Tangu hapo mwani wa Uroa huja namna hiyo. Kina mama huujaza katika ile bodi kule mashambani majini, na mzee huivuta mpaka maji yanapokwisha. Hapo husimama. Mimi huteremsha gari mpaka mchanga unapoanza kuwa laini. Hapo husimama. Hajapanda gari lile tena. Siku ya kutazamwa macho mjini alikwenda kwa gari la kuomba, wakati mimi nilikuwa nimeegesha nje ya nyumba yake tangu asubuhi, injini inanguruma. Kati ya chombo chake na gari langu kuna kipande cha mchanga wenye maji, na mke wangu ndiye anayekipita, gunia kichwani, kwenda na kurudi.

Siku ya kwanza tulipopakia hivyo nilivua viatu nikamwendea kumpokea. Mzee naye alikwisha kuacha kamba, anakuja na gunia jingine begani.

Mke wangu alisimama katikati.

"Baki hapo hapo," aliniambia. Akageuza kichwa. "Na wewe, baba, baki pale."

Tulibaki.